Kibebeo cha Mtoto Huchaguliwa kwa Shingo Yake: Mafunzo kwa Wazazi Wapya

Kwa desturi ya familia nyingi za kata zetu, mama aliyejifungua hukaa ndani mpaka arobaini itimie. Katika siku hizo mtoto hana safari ndefu: hutoka kitandani kwenda mikononi mwa mama, na mikononi mwa mama kwenda kwa bibi au shangazi, kisha hurudishwa kunyonya. Chanjo ya wiki ya 6 huangukia siku ya 42, yaani siku mbili tu baada ya arobaini. Hivyo kwa watoto wengi, safari ya kwanza nje ya ua wa nyumba yao ni ile ya kwenda kliniki. Asubuhi ya siku hiyo ndipo mzazi mpya husimama mlangoni na swali ambalo pengine hakulifikiria kabla: mtoto huyu abebwe kwa kitu gani, na afungwe vipi, hadi afike zahanati na kurudi salama?

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu moja, na jibu lenyewe lilitoka sandukuni mwa bibi. Siku hizi mzazi akipita gulioni au kwenye maduka ya nguo za watoto hukuta khanga na vitenge, vitambaa virefu vinavyovutika, mbeleko zenye pete, mabegi yenye mikanda na klipsi, vibebeo vyenye kiti cha kiunoni, na mifuko ya kuning'iniza begani. Bei hutofautiana mno, na kila muuzaji ana sifa za bidhaa yake. Makala haya hayakusudii kumchagulia mtu bidhaa. Yanakusudia kumpa mzazi kipimo atakachokwenda nacho dukani, na kipimo hicho ni shingo ya mtoto wake. Bei, rangi na mtindo hufuata nyuma.

Mtoto asiyeweza kujikaza

Wahenga walisema, abebwaye hujikaza. Methali hiyo ni kweli kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, ambaye hubana mgongo wa mama kwa mapaja yake, akashika nguo kwa ngumi zote mbili na kuinua kichwa kutazama wapita njia. Mtoto wa wiki sita hana uwezo huo. Kichwa chake ni kizito kuliko shingo inayokibeba, mgongo wake bado umepinda, na akizama ndani ya nguo hana nguvu ya kujiinua. Kwa hiyo kazi yote ya kujikaza hufanywa na kibebeo. Kibebeo kisichoweza kuifanya kazi hiyo hakimfai mtoto wa umri huo, hata kama kinamfaa sana kaka yake wa miezi kumi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye pumzi. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba na laini. Kidevu kinapoangukia kifuani, njia hiyo hukunjika kama mpira wa maji uliopindwa, na hewa hupita kwa shida au haipiti kabisa. Vivyo hivyo hutokea pua na mdomo vinapogandamizwa kwenye nguo au kwenye mwili wa anayembeba. Jambo la kutisha ni kwamba mtoto huyo hapigi kelele. Mtu asiyepata hewa hawezi kulia, na mzazi hudhani mwanawe amelala.

Mwezi Machi 2010, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu vibebeo vya kitambaa vinavyoning'inizwa begani, ikisema kwamba ilikuwa inachunguza vifo visivyopungua 14 vilivyohusishwa na vibebeo hivyo katika muda wa miaka 20. Watoto 12 kati ya hao walikuwa hawajatimiza miezi minne. Takwimu hiyo ya umri ndiyo ya kuzingatiwa: miezi minne ya kwanza ni kipindi ambacho shingo bado haijakaza.

Mwandishi wa makala haya ana sababu ya kulisisitiza jambo hili. Mtoto wetu wa kwanza alipokaribia wiki sita nilinunua mfuko wa begani, mzuri wa macho, wenye mto laini ndani yake. Nilijiona baba wa kisasa. Tulipofika kliniki, muuguzi aliyekuwa zamu hakuniuliza kadi. Alisogea, akafunua pindo la mfuko, akasema kwa sauti ya chini, "Baba mtoto, mtoe kwanza." Mtoto alikuwa amejikunja kama ndizi, kidevu kimezama kifuani, midomo imeanza kupoteza wekundu wake. Njia nzima hakuwa amelia, nami nilifurahi kwamba amelala fofofo. Alipolazwa chali mezani alivuta pumzi ndefu kisha akaangua kilio, na sijawahi kusikia kilio kilichonipa faraja kama kile. Mfuko ule haukurudi nyumbani pamoja nasi.

Muuguzi alituonyesha mambo ya kukagua kila mara mtoto anapofungwa, nami nayaeleza hapa jinsi nilivyoyapata. Nguo iwe imekaza kiasi cha kumshikilia mtoto mwilini, asibaki na nafasi ya kuteleza chini na kujikunja. Uso wake uonekane muda wote bila kufunua kitu. Kichwa chake kiwe juu karibu na kidevu cha mzazi, kiasi kwamba ukiinamisha kichwa kidogo unaweza kumbusu utosini. Pawepo na nafasi isiyopungua upana wa kidole kimoja kati ya kidevu chake na kifua chake. Na mgongo wake uegemezwe vizuri: ukiweka kiganja mgongoni pake na kumsukuma kidogo, asijikunje wala kusogea. Ukaguzi wote huchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu, na hurudiwa kila baada ya kunyonyesha, kwa sababu mama anayenyonyesha huku mtoto yumo ndani ya kibebeo hulegeza nguo, na mara nyingi husahau kuikaza tena na kumpandisha mtoto juu.

Nyonga, na lile suala la matege

Baada ya pumzi hufuata nyonga. Kiungo cha nyonga kimeumbwa kama mpira mdogo uliokaa ndani ya bakuli. Mtoto anapozaliwa, bakuli hilo bado ni gegedu laini, nalo hujijenga vizuri pale mpira unapokaa katikati yake. Hali hiyo hupatikana mapaja ya mtoto yanapotanuka na magoti yake kuwa juu kidogo ya makalio, kama chura aliyetulia. Mtoto anapofungwa miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja kwa muda mrefu, mpira huvutwa kuelekea nje ya bakuli. Nchini Japani, kampeni ya kitaifa iliyoanza mwaka 1975 ya kuwataka wazazi na wakunga wasiwanyooshe watoto miguu ilifuatiwa na kupungua sana kwa tatizo la kuteguka nyonga.

Kwa upande wetu tuna habari ya kujivunia. Madaktari katika hospitali moja ya mifupa mjini Blantyre, Malawi, walipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa kati ya mwaka 2002 na 2012. Hawakukuta hata mtoto mmoja aliyefanyiwa upasuaji kwa ajili ya tatizo hilo la nyonga. Walilihusisha jambo hilo na desturi ya akina mama wa Malawi ya kuwabeba watoto mgongoni, mapaja yakiwa yametanuka kuzunguka kiuno cha mama. Desturi hiyo ndiyo yetu pia.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa na jirani kwamba mbeleko humletea mtoto matege asiwe na hofu. Karibu kila mtoto huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwa sababu ya kukaa akiwa amejikunja tumboni, nayo hunyooka yenyewe kadiri anavyotembea na kukua, kwa kawaida kabla au baada kidogo ya kutimiza miaka miwili. Matege yanayozidi baada ya umri huo, au ya mguu mmoja tu, yana sababu nyingine, mojawapo ikiwa ni upungufu wa vitamini D, na mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya. Kumnyima mbeleko hakutamsaidia.

Khanga na kitenge

Tuanze na kile ambacho tayari kimo ndani ya nyumba. Doti moja ya khanga hutoa vipande viwili, kila kimoja kikiwa na urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa karibu mita moja. Kwa mama wa umbo la wastani kipande kimoja kinatosha kumbeba mtoto mgongoni. Mama mwenye mwili mkubwa huona raha zaidi na kitenge, kwa kuwa ni kirefu na kizito kuliko khanga. Khanga ya pamba hushika vizuri fundo na haitelezi. Zile zenye nyuzi nyingi za plastiki hung'aa na hukauka upesi, lakini fundo lake hulegea njiani, tena humfanya mtoto atoke jasho jingi. Khanga mpya huwa na wanga, ni ngumu na inateleza. Ifuliwe mara mbili au tatu kabla ya kumbebea mtoto.

Mgongoni ndipo mahali pa khanga, na mgongoni si mahali pa mtoto ambaye shingo yake haijakaza. Mama hana macho kisogoni. Hawezi kuona kidevu kikianguka wala pua ikizama kwenye nguo. Watoto wengi hupata uwezo wa kushikilia kichwa wima, bila kuyumba, wakiwa na umri wa miezi mitatu hadi minne. Kipimo chepesi ni hiki: mshike mtoto umkalishe wima mapajani pako, kisha umgeuze taratibu kushoto na kulia. Kichwa kikifuata mwili bila kuanguka, shingo iko tayari. Kikiyumba, subiri wiki kadhaa ujaribu tena. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huchukua muda mrefu zaidi, na kumlinganisha na mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi huo huo ni kumwonea.

Hatua ya hatari katika mbeleko ni ile ya kumweka mtoto mgongoni, kabla nguo haijamshika. Mama anayejifunza afanye hivyo akiwa amepiga magoti kwenye mkeka au ameinama mbele ya kitanda, na awe na mtu wa kumsaidia. Ainame mpaka mgongo uwe kama meza, mtoto awekwe katikati, juu kiasi kwamba kichwa chake kifike kati ya mabega ya mama, na mapaja yake yatanuliwe pande zote mbili za mwili wa mama. Kisha khanga itandazwe juu yake kuanzia chini ya makalio hadi usawa wa kwapa au shingo. Upindo wa chini ndio kiti chake. Ukiwa juu ya makalio badala ya chini yake, mtoto atateleza na kutoka kwa chini mama akinyooka. Wapo wanaofunga ncha za juu kifuani, juu ya matiti, na wapo wanaopitisha ncha moja juu ya bega na nyingine chini ya kwapa. Njia zote mbili zinafaa, mradi fundo liwe maradufu na lisiwe la kuchomeka tu. Kabla ya kunyooka kabisa, mama amrushe mtoto juu kidogo kwa mgongo, avute nguo, akaze tena. Kina mama wazoefu hufanya hayo yote huku wakizungumza na muuza nyanya, nasi huwatazama tukadhani ni jambo jepesi.

Uso wa mtoto ugeuzwe upande mmoja, shavu likiwa limelala mgongoni pa mama, na usifunikwe. Kumfunika kichwa chote kwa khanga ya pili kwa sababu ya jua au vumbi ni desturi iliyoenea, lakini huzuia hewa na kuongeza joto. Mwili wa mama pekee unampa mtoto joto la kutosha. Kofia nyepesi au mwavuli hutosha kwa jua; kwa joto letu la mchana, fulana moja nyepesi chini ya mbeleko inatosha. Mguse kisogoni: pakiwa pamelowa jasho na pana moto, mpunguzie nguo na umpe ziwa.

Je, khanga haiwezi kumbeba mtoto wa wiki sita? Inaweza, mbele ya mwili, akiwa wima kifuani pa mama, huku mkono mmoja wa mama ukiendelea kumshika. Hapo khanga humsaidia mama kubeba uzito, lakini mkono ndio kibebeo hasa. Kwa safari ya nusu saa hilo linawezekana. Kwa safari ndefu zaidi, au kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji ambaye bado ana maumivu, inafaa kutafuta kifaa kingine au mtu wa kupokezana naye. Baba ana kifua pia.

Vibebeo vya dukani

Kitambaa kirefu kinachovutika, cha mita nne au tano, huzungushwa mwilini na kuvukishana kifuani mara kadhaa. Kinamfaa sana mtoto wa miezi ya mwanzo kwa kuwa humshika kila upande, kifuani, ambapo uso wake unaonekana. Kasoro yake ni joto, na kwamba huchukua muda kujifunza kukifunga. Tena huvutika: mtoto anapoongezeka uzito huanza kushuka hadi kitovuni pa mzazi, na hiyo ni dalili kwamba muda wa kitambaa hicho umekwisha. Kisitumike mgongoni hata mara moja.

Mbeleko ya pete hupita juu ya bega moja, na ncha yake huingizwa kwenye pete mbili zinazoikaza. Ni nyepesi na hufungwa upesi, na ni rahisi kunyonyeshea. Uzito wote huangukia bega moja, kwa hiyo haifai kwa kutwa nzima. Anayeichagua amkalishe mtoto wima na kumkaza, kwani mtoto anayelazwa ndani yake kama ndani ya machela hurudi kwenye ile hatari ya kujikunja. Pete zikaguliwe: ziwe za chuma kisicho na kiungo, au nailoni nene isiyo na ufa.

Begi la mikanda na klipsi ndilo linalopendwa zaidi mijini, na wazazi wengi huamini kuwa ni uvumbuzi wa kigeni usiohusiana nasi. Ukweli ni kwamba muuguzi Mmarekani, Ann Moore, aliyefanya kazi ya kujitolea nchini Togo katika miaka ya 1960, aliwaona akina mama wa huko wakiwa na watoto watulivu migongoni. Aliporudi kwao na kupata mtoto, hakuweza kumfunga kwa kitambaa kama walivyofanya wale kina mama, ndipo yeye na mama yake mzazi, Lucy Aukerman, wakashona begi lenye mikanda ya mabegani. Walipata hataza yake mwaka 1969. Begi linalouzwa leo kwa bei ya doti nyingi za khanga ni mjukuu wa mbeleko ya Afrika Magharibi.

Anayenunua begi hilo atazame kwanza upana wa kitako. Kitako chembamba huning'iniza miguu ya mtoto wima kama suruali iliyoanikwa kambani. Kinachofaa ni kile kinachofika kutoka goti hadi goti. Pili, mkanda wa kiunoni uwepo na uwe mpana, kwa kuwa ndio unaoyaondolea mabega uzito. Tatu, asome uzito wa chini unaoruhusiwa. Mabegi mengi hayamfai mtoto mchanga bila kipande cha ziada cha kumwinua na kumwegemeza kichwa, na kipande hicho ndicho hukosekana mara nyingi kwenye bidhaa za bei nafuu. Kuhusu kumgeuza mtoto atazame mbele, wazazi huvutiwa sana na mtindo huo. Asubiri mpaka afikishe kama miezi sita na awe na shingo imara, na iwe kwa muda mfupi, akiwa macho. Akisinzia, ageuzwe uso kifuani.

Kibebeo chenye kiti cha kiunoni ni cha mtoto anayeweza kukaa mwenyewe, yaani kuanzia miezi sita hivi. Humpumzisha mama aliyezoea kumpachika mtoto ubavuni. Kabla ya hapo ni fedha iliyolala kabatini. Kuhusu ule mfuko wa begani, maoni ya mwandishi msomaji ameshayajua. Vigari vya kusukuma navyo ni vizuri kwa barabara ya lami yenye njia ya waenda kwa miguu. Kwa mchanga na makorongo ya vitongoji vyetu vingi, mzazi ataishia kumbeba mtoto na kigari chenyewe.

Mitumba

Vibebeo vingi katika minada yetu ni mitumba, na si vibaya kununua mtumba. Vibaya ni kuununua bila kuukagua. Vuta kila mshono kwa nguvu, hasa pale mkanda unapokutana na kiti. Funga na kufungua kila klipsi na usikilize kama inagonga inavyopaswa. Plastiki iliyopauka kwa jua huvunjika ghafla. Angalia kama kuna mkanda uliokatwa au kipande kilichopotea. Ukifika nyumbani, usianze na mtoto. Weka ndani mfuko wa unga wenye uzito unaozidi ule wa mtoto, ufunge, utembee nao chumbani, uiname na kunyooka karibu na kitanda. Unga ukianguka utafagiwa.

Mtoto njiti

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo, kubebwa ni sehemu ya matibabu. Njia ya kumweka mtoto ngozi kwa ngozi kifuani pa mama, maarufu kama huduma ya kangaruu, ilianzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria mjini Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali yake ilipokuwa na upungufu wa vifaa vya kuwapa joto watoto hao. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu, ulichapishwa mwaka 2021. Ulionyesha kwamba watoto wenye uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8 walioanzishiwa huduma hiyo mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitengemae kwanza, walipungukiwa na vifo vya siku 28 za mwanzo kwa asilimia 25.

Mtoto huvishwa nepi, kofia na soksi tu, akawekwa wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande, kisha akafungwa kwa kitambaa na mama akavaa nguo juu yake. Shirika hilo linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku, kwa hiyo mama hawezi peke yake. Baba, bibi na shangazi hupokezana. Kitambaa chake kinaweza kuwa khanga safi ya pamba, lakini ufungaji wake hufundishwa wodini kabla ya ruhusa. Familia isiondoke hospitalini kabla ya angalau watu wawili kujifunza na kufunga wenyewe mbele ya muuguzi.

Mahali ambapo kibebeo hakimlindi mtoto

Hakuna kibebeo chochote, cha bei yoyote, kilichotengenezwa kumkinga mtoto katika ajali ya barabarani. Mtoto aliyefungwa mgongoni juu ya bodaboda hana kitu nyuma yake isipokuwa lami. Akihamishiwa mbele, kati ya mama na dereva, hubanwa pumzi kila breki inapokamatwa. Tunafahamu kwamba kwa baadhi ya vijiji bodaboda ndiyo usafiri uliopo. Palipo na bajaji au gari la abiria, kusubiri nusu saa ni bora. Vilevile mzazi aulize kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii siku ambayo huduma ya mkoba hufika katika kijiji chake, kwani chanjo hutolewa hapo pasipo safari. Ndani ya gari binafsi, mkanda mmoja usifungwe kwa mama na mtoto kwa pamoja: gari likigonga, uzito wa mama humgandamiza mtoto kwenye mkanda huo.

Jikoni ni vivyo hivyo. Mtoto aliye kifuani huwa karibu na moto kuliko mikono ya mama, na aliye mgongoni huvuta moshi uleule anaouvuta mama, kwa mapafu madogo zaidi. Wakati wa kusonga ugali au kuipua sufuria, mtoto alazwe chali kwenye mkeka mahali ambapo mtu mwingine anamwona. Mama akihisi usingizi, amtoe mtoto kwenye kibebeo kabla hajajilaza.

Siku ya kliniki

Huduma za afya kwa watoto walio chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma, na ushauri wa namna ya kumbeba mtoto ni sehemu ya huduma hizo. Wazazi wengi hawauombi kwa kudhani kuwa ni jambo dogo mno la kumsumbulia muuguzi. Mzazi aje na kibebeo anachokitumia, hata kama ni khanga iliyopauka. Katika wiki ya 6 aonyeshe jinsi anavyomfunga mtoto kifuani. Katika chanjo ya wiki ya 14, mtoto akiwa na miezi mitatu na kidogo, aombe shingo yake ipimwe ili ajue kama anaweza kuhamia mgongoni. Wakati mzuri wa kuomba ni baada ya mtoto kushushwa kwenye mizani na kuvishwa nguo zake, kwa sababu hapo mama hulazimika kumfunga upya hata hivyo, na foleni haicheleweshwi.